Maotea ya maua: shajara ya tuta moja, Isevya, Tabora

Septemba 28

Nimeanzia nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, kwa hiyo atakayelifungua kwa upande wa pili atakutana na viuno na mabega. Nashonea barazani, na tuta lenyewe liko hatua nne kutoka kwenye cherehani yangu, chini ya dirisha. Nimelipima kwa futi kamba: urefu inchi 180, upana inchi 50.

Mwaka jana nilipanda paketi tano: kosmosi ya pinki, kosmosi ya rangi ya chungwa, zinia nyekundu, balsamu, na lile ua la mahameli ambalo sisi tunaliita upanga wa jogoo, dukani wanaandika selosia. Yalichanua mpaka wateja wakawa wanapigia picha pale badala ya kuangalia nguo zao. Yote ni maua ya msimu mmoja. Yanaota, yanachanua, yanatoa mbegu na kufa ndani ya miezi michache. Kufika Juni vilibaki vijiti. Sikuving'oa. Niliviacha vikauke vimesimama, mbegu zikadondoka zenyewe, ndipo nikavilaza pale pale juu ya udongo. Sasa nataka kuona kama mvua zikija yatarudi bila mimi kutoa hata shilingi ya paketi.

Mume wangu, ambaye kwao Igunga wanalima pamba, anasema hayo yana jina: maotea. Kwa mlima pamba maotea ni adui. Shina la msimu uliopita likichipua, au mbegu iliyodondoka ikiota, wadudu wanapata pa kujibanza mpaka pamba mpya ipandwe, ndiyo maana huwa yanang'olewa na kuchomwa. Amekua akiyang'oa. Ananiona nayangojea, anatikisa kichwa.

Nimeligawa tuta kwa uzi wa nailoni, sehemu tatu za inchi 60 kila moja. Ya kwanza sitaigusa kabisa. Ya pili nimeilima kwa jembe kina cha kiganja, kama anavyolima kila mtu. Ya tatu nimeifagia mpaka udongo mtupu, na mvua zikianza nitapanda kwa mkono mbegu nilizoweka akiba. Hiyo ya tatu ndiyo ya kunifundisha: nitakuwa najua nilichopanda na wapi, kwa hiyo mche ukitokea nitaujua sura.

Oktoba 12

Tatizo la kwanza limekuja kabla ya mvua, nalo ni ufagio.

Mama mkwe anafagia uwanja saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, mistari imenyooka kama kitambaa cha drafti. Kwa macho yake vijiti vilivyolala kwenye tuta ni uchafu, na uchafu unaleta nyoka. Jumanne nilimkuta ameshafika katikati ya sehemu ya kwanza. Vumbi lote lile, na mbegu zangu ndani yake, lilikuwa limesogezwa kwenye rundo la kuchoma.

Nilirudisha vumbi. Sikusema kitu asubuhi ile, maana si jambo la kumwambia mtu mzima akiwa ameshika ufagio. Jioni, tukiwa tunabangua karanga, nikamwomba: "Mama, naomba pale chini ya dirisha unisaidie usifagie mpaka mvua inyeshe." Akaniuliza watu wakipita watasema nini. Nikamwambia watasema mkweo mvivu. Akacheka. Kesho yake nilikuta amepanga mawe kulizunguka tuta. Anafagia mpaka kwenye mawe, anasimama.

Kuku nao hawakupatana na mtu. Nimefunika sehemu zote tatu kwa chandarua kikuukuu, pembeni nimegandamiza kwa matofali.

Oktoba 26

Joto kali, vumbi, hakuna kazi nyingi. Nimemwaga akiba yangu ya mbegu juu ya kipande cha kitambaa cheupe na kuzipanga kama ninavyopanga vifungo.

Kosmosi ya pinki ni kama kipande cha kucha kilichokatwa, nyeusi, imepinda kidogo. Ya chungwa inafanana nayo ila ni ndefu, na ncha moja imechongoka kuwa mdomo mwembamba. Zinia ni bapa kama kichwa cha mshale, na zile za pembeni mwa ua bado zimeng'ang'aniwa na petali iliyokauka. Balsamu ni duara, ya kahawia, kama mbegu ya kabichi. Upanga wa jogoo ni punje ndogo nyeusi zinazong'aa, na hapa ndipo niliposimama kidogo: weka pembeni yake mbegu za mchicha, mimi siwezi kukuambia zipi ni zipi. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja. Nimeandika hapa ili nikumbuke, maana nahisi litakuja kunisumbua.

Kuna na punje nane nyeusi zenye mikunjo, kama pilipili manga, nilizookota chini ya ukuta wa jirani. Hizo ni za ua la saa kumi, lile linalofumba mchana kutwa na kufunguka alasiri jua likipoa. Mbegu zake zina sumu, kwa hiyo nimezifunga kwenye kichupa na kukiweka juu ya kabati, mbali na mtoto.

Wakati naandika haya sisimizi wameshachukua zinia mbili kutoka kwenye kitambaa. Nikawafuata kwa macho mpaka ufa wa ukuta. Kama wananiibia barazani mbele yangu, sijui huko kwenye tuta wamebeba ngapi tangu Juni.

Novemba 6

Mvua. Saa tisa alasiri, upepo kwanza, halafu matone makubwa ya kupiga bati, halafu nusu saa nzima ya maji. Nimetoa chandarua. Kesho asubuhi napanda sehemu ya tatu: kosmosi 40, za rangi zote mbili, zinia 40, na kibana kimoja cha upanga wa jogoo. Hizo za upanga wa jogoo nazinyunyizia juu tu bila kuzifukia. Zimekuwa ndogo mno, ukizizika hazina nguvu ya kutoka.

Novemba 14

Zimetoka! Zote kwa mpigo, na ndiyo shida yenyewe. Sehemu ya kwanza ni kijani tupu kama zulia, na asilimia kubwa sijui ni nini.

Nimepiga magoti na miwani ya kutungia uzi. Majani mawili ya kwanza kabisa, yale yaliyokuwa yamekunjwa ndani ya mbegu, hayafanani na majani yatakayofuata, kwa hiyo ukiyategemea peke yake utapotea. Hata hivyo yanasema kitu. Ya zinia ni mviringo, mapana, kama vifungo vya shati. Ya balsamu ni manene na yana kibonyeo kwenye ncha, na kashina kake kamejaa maji, ukikashika unaogopa kukaponda. Kosmosi inatoa vijani viwili virefu vyembamba kama mikanda, na kwenye ile ya pinki jani la tatu likishatokea huna shaka tena: ni nyuzi nyuzi, kama pindo la kitambaa lililofumuka.

Ya chungwa ndiyo inayonitesa. Mikanda yake miwili ni ile ile, lakini majani yanayofuata ni mapana zaidi, yamechanwa chanwa. Na kuna mche mwingine, umejaa sehemu zote hata ile niliyofagia, una mikanda miwili vile vile na jani lililochanwa chanwa vile vile. Mmoja wapo ni gugu. Sijui upi. Nimeamua kuacha yote.

Kila mche ninaoujua nimeuzungushia uzi mwekundu, mabaki ya kofia niliyofuma. Hesabu ya leo:

Sehemu ya kwanza, isiyoguswa: kosmosi 61, zinia 7, balsamu 23, upanga wa jogoo nilichoka nilipofika 100. Sehemu ya pili, iliyolimwa: kosmosi 18, zinia 3, balsamu 9, upanga wa jogoo 4, na magugu ambayo mwaka jana sikuyaona kabisa. Jembe limezika mbegu zangu na kufukua za watu wengine.

Zinia zimenisikitisha. Mbegu zake hazidondoki kirahisi, zinabaki zimekaa kwenye kichwa kilichokauka, na nakumbuka chiriku walivyokuwa wakining'inia pale mwezi wa tano mimi nikiona ni urembo.

Novemba 22

Siku ya nane bila tone. Mvua ya kwanza ilikuwa ya kutudanganya, na mjini hapa huwa hivyo miaka mingi, hata wa mahindi wanajua kutokimbilia mvua ya kwanza. Udongo wetu ni kichanga, maji yanapita kama kwenye chujio.

Bomba lina maji, tangu haya ya Ziwa Victoria yafike hatuna shida ile ya zamani. Lakini niliapa kunyweshea sehemu ya tatu tu. Nikinyweshea maotea, nitakuwa sijajua kama yanajiweza. Binti yangu ananiona katili.

Novemba 30

Mvua imerudi jana usiku, siku 15 kavu kabla yake. Waliobaki: sehemu ya kwanza kosmosi 22, zinia 5, balsamu 2, upanga wa jogoo kama 30. Sehemu ya pili kosmosi 3, zinia 1, balsamu hakuna. Karibu wote waliopona sehemu ya kwanza wako chini ya vile vijiti vilivyolala, ambavyo mama mkwe aliviita uchafu. Nimemwonyesha. Akainama, akaangalia, akasema "haya."

Desemba 6

Wimbi la pili! Miche mipya kabisa imetoka pale pale walipokufa wale wa kwanza. Kumbe mbegu zote hazikuamka siku moja, nyingine zilibaki chini zikisikilizia. Balsamu 14 mpya, kosmosi 30 na ushee. Nilikuwa nimeshaandika pembeni ya ukurasa kwamba balsamu haifai kwa Tabora. Nimefuta.

Desemba 14

Hili naliandika huku nacheka, ila mchana sikucheka.

Nilikwenda sokoni kununua zipu na gundi ya kola. Kurudi, chakula tayari: ugali, na mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga. Nikala. Tamu. Nikaomba na ya pili. Nilipomaliza nikatoka kunawa, jicho likaangukia kwenye tuta, na sehemu ya kwanza ina mashimo.

"Mama, hii mboga umechuma wapi?"

"Si mchicha wako pale dirishani! Umestawi."

"Mama, ile ilikuwa imefungwa nyuzi."

"Ndiyo nikachuma yenye nyuzi. Nikajua umenionyesha ya kuchuma."

Upanga wa jogoo 19 wameingia sufuriani. Nami ndiye niliyekula sahani mbili.

Hakuna aliyeugua, na hakukuwa na sababu ya kuugua: Nigeria na Benin huyu selosia analimwa shambani kama mboga ya majani. Mama mkwe hakukosea kwa ulimi wala kwa jicho, maana mche ukiwa na inchi tano ni mchicha mtupu. Tulikwenda wote wawili tukainama pale, na yeye ndiye aliyeiona tofauti, si mimi. Mchicha wa kujiotea jani lake changa lina kibonyeo kidogo kwenye ncha, kama limeng'atwa. La upanga wa jogoo linakwenda mpaka mwisho, limechongoka. Miaka mitatu nimeangalia maua haya na sikuwahi kuangalia ncha ya jani.

Tumekubaliana: uzi mwekundu maana yake usiguse.

Desemba 21

Kupunguza miche. Kosmosi zimebanana, tatu kwenye nafasi ya moja. Nimehamisha jioni, kila mmoja na bonge lake la udongo kwa kijiko cha kulia, nikiacha inchi 12 katikati. Wenye jozi mbili za majani halisi wameshika wote, wakubwa zaidi ya hapo wamelala siku tatu na wawili hawakuamka.

Jirani anayelima tumbaku amenipa konzi mbili za mbolea iliyobaki msimu uliopita, nimeiweka kwenye nusu ya sehemu ya tatu. Asante yake.

Januari 9

Ua la kwanza, kosmosi ya pinki, sehemu ya kwanza, kwenye mche usiofika hata goti. Wiki nane tangu uchomoze.

Nyuma ya paketi ya mwaka jana waliandika kwamba unachanua mwisho wa kiangazi na unapita kimo cha kiuno. Hayo ni mambo ya huko zilikotoka paketi. Kosmosi asili yake Meksiko, na ni mmea unaosubiri siku ziwe fupi ndipo uweke ua. Ulaya kusubiri huko huchukua muda mrefu, kwa sababu mchana wa katikati ya mwaka unaweza kufika saa 16. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mchana wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, tofauti kati ya siku ndefu na fupi kabisa haipiti kama nusu saa na dakika chache. Kwa hiyo kosmosi ya Tabora haina cha kusubiri. Inachanua ikiwa mtoto. Hata ile amri ya paketi ya kupanda "baada ya baridi kali ya mwisho" tusome kwa lugha yetu: baada ya mvua ya pili.

Na lile gugu nililolikosea limejitambulisha. Limetoa vijiua vidogo, kitovu cha njano na petali tano nyeupe. Ni kishona nguo. Wiki nane nimelilea, tena mawili nimeyafunga uzi mwekundu! Kosmosi na kishona nguo nao ni ndugu, ndiyo maana utotoni wanafanana hivi. Nimekaa nao sasa wote wakiwa wakubwa nikatafuta alama ambayo ningeiona mapema. Ni shina. Lizungushe katikati ya kidole gumba na cha shahada: la kishona nguo lina pembe nne, linagonga gonga kama penseli. La kosmosi linateleza. Na jani la kishona nguo ni vijani vitatu au vitano vyenye meno pembeni kama mkasi wa zigizaga, wakati la kosmosi ya chungwa limechanwa ndani zaidi na vipande vyake ni vyembamba.

Nitang'oa kesho. Leo kuna sare za harusi 14.

Januari 27

Sikung'oa kesho yake wala kesho kutwa. Sare 14 zikawa 22.

Jumamosi bibi harusi mwenyewe amekuja kujaribu gauni mara ya mwisho. Satini nyeupe, mkia wa yadi mbili. Akataka kujiona kwenye mwanga, akashuka barazani, akageuka mara moja tu pale karibu na tuta. Aliporudi upindo wote umebeba miiba midogo myeusi. Ukiitazama kwa karibu kila mbegu ina vijiti viwili au vitatu kichwani, na kila kijiti kina meno yanayoangalia nyuma. Inaingia kwenye kitambaa kama sindano na haitoki ilikoingilia. Nimekaa saa mbili na kibanio cha nyusi nikizitoa mojamoja ili nisivute uzi wa satini. Nilitoa zaidi ya 80 nikaacha kuhesabu. Dada wa bibi harusi alikuwa amesimama juu yangu muda wote, na akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa: "Hivi fundi, hili jani linaitwaje?"

Ilibidi nilitaje.

Nimeng'oa mashina 31 jioni ile ile, nikaweka kwenye gunia na kuchoma. Ninajua nimechelewa. Nyingi zimeshadondoka.

Februari 8

Zinia zimechanua na zimenishangaza. Mwaka jana zote zilikuwa nyekundu, petali zimepangana tabaka tabaka kama sketi ya marinda. Kati ya maotea sita, moja tu ni nyekundu ya marinda. Tatu zina mstari mmoja wa petali, zambarau iliyoiva. Moja ni ya rangi ya samli. Ya mwisho ina rangi ambayo mama mkwe ameiita ya kaniki iliyofuliwa.

Nimekwenda kutafuta paketi. Pembeni, kwa herufi ndogo, F1. Maana yake mbegu ile ilitokana na wazazi wawili tofauti waliochaguliwa, na watoto wake hawarithi sura yake, wanatawanyika wakirudi kwa mababu. Nyuki nao wamechanganya vyao, na Tabora nyuki hatuna uhaba. Dada anayeuza chai anasema ile ya samli ndiyo nzuri kuliko zote. Nakubaliana naye na nimeifunga uzi wa dhahabu kwa ajili ya mbegu.

Majani ya chini yameanza ugonjwa wa ubwiri unga, kama yamepakwa poda ya mtoto. Nimeyachuma na kuanza kumwagilia chini badala ya juu ya majani.

Februari 22

Mbolea ya tumbaku. Nusu ile ya sehemu ya tatu iliyopata mbolea ina kosmosi inayonipita mimi kimo, shina nene kama kidole, majani mazito ya kupendeza, na ua moja. Nusu isiyopata kitu inafika kiunoni na imejaa maua. Usiku wa juzi ulikuja upepo, wale warefu wote wakalala kifudifudi juu ya zinia. Nimekata, nimewapa mbuzi wa jirani huyo huyo. Shukrani imerudi ilikotoka.

Machi 30

Maua tele, sina cha kuandika. Ua la saa kumi: wanne wameota kati ya punje nane nilizofukia kwenye kona ya ukuta, na wanafika kwa wakati wao kuliko baadhi ya wateja.

Aprili 19

Balsamu zimekomaa. Kifuko chake cha mbegu ni kijani chenye vinyweleo, kimevimba katikati. Kikiwa tayari kinageuka rangi kidogo kuelekea njano, na ukikigusa tu kinapasuka: kuta zake tano zinajikunja ndani ghafla kama utepe wa mpira uliokatika, mbegu zinarushwa. Binti yangu na wenzake watano wamegundua hilo. Tangu juzi wanatoka shule moja kwa moja hadi dirishani, wanashindana ya nani imefika mbali. Tumepima kwa futi kamba kutoka kwenye shina hadi mbegu ya mbali kuliko zote: inchi 71. Imenibidi niunge futi kamba na rula. Sasa najua kwa nini nilikuta balsamu mbili zimeota nje ya mawe ya mama mkwe, na kwa nini nimekosa mbegu za balsamu za kuweka akiba. Nimevalisha vifuko vitatu mifuko midogo ya wavu niliyoshona kwa mabaki ya shela. Watoto wamekatazwa hivyo vitatu, vingine ni vyao.

Juni 7

Mvua ziliisha mwishoni mwa Aprili na tuta limekauka. Nimevuna akiba: kila aina kwenye bahasha niliyokunja kwa karatasi ya pateni, jina na rangi vimeandikwa kwa chaki ya fundi, halafu nikakumbuka chaki inafutika nikaandika upya kwa kalamu. Zinia nimekata vichwa vitano na kuviacha vinne, sehemu yangu na ya chiriku. Kosmosi nimeacha karibu zote. Vijiti nimevilaza.

Mwaka huu sitalima sehemu yoyote. Sehemu ya pili itabaki kama ya kwanza, na nitapita mara moja kila wiki tangu mvua ya kwanza nikizungusha mashina katikati ya vidole. Chenye pembe nne kinatoka siku hiyo hiyo, harusi au si harusi.

Jana jioni mama mkwe alikuwa na bahasha yangu ya upanga wa jogoo mkononi. Akaniomba kibana kimoja. Nikamuuliza anataka kuotesha wapi, akanionyesha nyuma ya jiko, kwenye tuta lake la mboga. Leo asubuhi nimekuta tuta limesawazishwa, limenyunyiziwa maji ya kuoshea vyombo, na kwenye kijiti kilichochomekwa kichwani pake kumefungwa uzi mweusi. Nimemuuliza mweusi maana yake nini.

"Wa kuchuma," akasema, akaendelea kufagia.